Maswali ya Wasomaji: Laptopu Inachemka, Nipunguze Volti?

SWALI: Shikamoo fundi. Nahariri video za harusi na sendofu hapa Sinza kwa laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core i7-8750H. Nikianza kurenda tu (kutoa video iliyokamilika), feni inavuma kama mashine ya kusaga na HWiNFO, programu ya kupima joto, inasoma nyuzi 97. Jamaa mmoja wa Kariakoo ameniambia nishushe volti, yeye kashusha milivolti 140. Nianzie wapi, na sitaiunguza?

JIBU: Marahaba. Kuunguza, ondoa shaka: kinachoua prosesa ni volti kuzidi. Ikipungua mno mashine inaganda, inatoa skrini ya bluu au inajizima na kuwaka upya. Kinachoweza kuumia ni faili iliyokuwa inaandikwa wakati huo, kwa hiyo kazi ya mteja iwe na nakala kwenye diski ya nje kabla hujagusa kitu.

Ila usianze na volti. Laptopu ya mtumba iliyokaa kwenye vumbi la Dar huwa na blanketi la uchafu kati ya feni na mapezi ya shaba, na hakuna programu ya kuliondoa. Fungua mfuniko wa chini, shika feni kwa kidole isizungushwe na upepo wa blowa, kisha puliza. Pesti ya joto iliyokauka ifute kwa alkoholi ya isopropili, upake mpya. Kwenye laptopu chipu iko uchi, haina kofia ya chuma, hivyo pesti nyembamba lazima ifunike uso wote hadi pembeni. Pima tena ndipo uendelee.

Sasa volti. Joto la prosesa ikiwa kazini hufuata mraba wa volti. Ukitoka 1.20 hadi 1.10 kwa kasi ileile, 1.44 imekuwa 1.21: umepunguza kama asilimia 16. Inawezekana kwa sababu chipu hazifanani, na kiwanda huweka volti itakayoitosha hata ile dhaifu. Akiba hiyo ndiyo unayoila. Kwa hiyo namba ya jamaa yako si yako, hata kama laptopu zenu zimeshuka kontena moja.

Fungua ThrottleStop, programu ya Windows ya kurekebisha prosesa za Intel, ingia FIVR (sehemu ya volti), weka tiki kwenye Unlock Adjustable Voltage, chagua CPU Core na uweke milivolti hasi 50. Nenda CPU Cache (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) uweke namba hiyohiyo. Kwa prosesa za kizazi hiki, ukishusha kori (kiini cha kazi ndani ya prosesa) peke yake huoni tofauti ya maana. Bonyeza Apply, na kwa sasa chagua kutohifadhi. Endesha Cinebench R23, programu ya kuijaribu prosesa kwa kazi nzito, kwa dakika 10. Ikipita, shuka 10 nyingine, na nyingine. 8750H nyingi hufika hasi 100. Zipo zinazogoma kwenye 80. Ikianguka, rudi juu 15 na uache hapo. Tamaa ya milivolti tano za mwisho haikupi hata nyuzi moja.

Watu wengi hudanganyika hapa: Cinebench imepita, wanafurahi, halafu mashine inazima wakiwa wanasoma barua pepe. Si uchawi. Ukiwa na kazi nyepesi, kori moja hurukia kasi ya juu kabisa, 4.1 gigahezi, na huko ndiko inakohitaji volti zaidi; Cinebench ikibana kori zote sita, kasi haifiki huko. Kwa hiyo itumie siku kadhaa kwa kazi za kawaida, na uchungulie Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Ukikuta tukio la WHEA-Logger namba 19, prosesa imekosea na kujirekebisha yenyewe kimyakimya. Panda 10. Usiiweke ThrottleStop iwake pamoja na Windows kabla ya kumaliza majaribio hayo: maadamu haiwaki yenyewe, ukizima mashine kabisa volti ya kiwandani inarudi.

Na usishangae joto likibaki 95. Tazama safu ya kasi. Prosesa iliyokuwa inabanwa na joto au kikomo cha wati hutumia nafuu uliyoipa kukimbia zaidi. Kama ilikuwa 3.1 gigahezi na sasa ni 3.5, umefaulu, video itaisha mapema. Ukitaka ubaridi badala ya kasi, shusha kikomo cha wati, kinachoandikwa PL1 ndani ya ThrottleStop, kutoka 45 hadi 35. Pia linganisha vipimo vilivyochukuliwa wakati uleule wa siku: chumba cha mchana wa Februari na cha saa nane usiku havipewi kipimo kimoja.

SWALI: Fundi, ya kwangu ilikuwa inashuka vizuri. Nimesasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), sasa ThrottleStop inaandika Locked, yaani volti imefungwa. Nirudishe BIOS ya zamani? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Hilo limetokana na Plundervolt, udhaifu uliotangazwa Desemba 2019 na watafiti wa vyuo vya Birmingham, Graz na Leuven: mdukuzi mwenye mamlaka kamili kwenye mashine angeweza kucheza na volti ili kuvunja SGX, eneo la kutunzia siri ndani ya prosesa za Intel. Intel ikatoa dawa, watengenezaji wa laptopu wakaifunga volti kupitia BIOS.

Kurudisha ya zamani, kwenye modeli zinazokubali, kunafungua pia mianya mingine iliyokwisha zibwa, na umeme ukikatika katikati huku betri imechoka, umebaki na tofali. Mimi nisingefanya. Tumia Turbo Ratio Limits (vikomo vya Turbo, kasi ya ziada) ndani ya ThrottleStop, ushushe kila kori hadi, tuseme, 30, yaani gigahezi 3.0. Kasi ikishuka, prosesa yenyewe huomba volti ndogo. Ule ujanja wa kuweka asilimia 99 kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nao unapoza, ila unazima Turbo yote: prosesa kama i5-8250U inaporomoka kutoka gigahezi 3.4 hadi 1.6, na utaisikia.

SWALI: Na sisi wenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600X, tunashushaje volti? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Ingia BIOS, tafuta Precision Boost Overdrive, kisha Curve Optimizer, mahali pa kushushia volti ya kila kori. Chagua kori zote, alama hasi, 10. Kila hatua ni kama milivolti 3 hadi 5. Jaribu siku mbili, nenda 15, halafu 20. Hapa mpangilio unabaki hata ukizima, kwa hiyo ikikataa kuwaka, chomoa waya wa umeme na utoe betri ya CR2032 kwa dakika chache. Kori zilizo bora ndizo huanguka kwanza, kwa kuwa ndizo zinazosukumwa kasi ya juu. Hizo ziachie 10, nyingine ziendelee kushuka.