Fomu ya skuli haisomeki kwa asoona

Mwalimu, hiyo fomu mloiweka kwenye tovuti ya skuli, ambayo yule mzazi wa Wete asoona kasema kompyuta yake imekaa kimya tu, tatizo si kompyuta yake. Mmeichapisha, mkaigonga muhuri, mkaiskani, sasa ile PDF ni picha tupu, hamna herufi hata moja ndani, NVDA, ile programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, itasoma nini? Jaribu kuburura mausi juu ya maneno, ukiona hayashikiki ujue ndo hivyo. Rudini kwenye faili la Word la mwanzo, vichwa msivikoleze kwa mkono tu, tumieni zile staili za Heading maana yeye anabonyeza H anaruka kichwa hadi kichwa, nembo nayo muiandikie maelezo mafupi (alt text) NVDA iyasome, halafu hapa ndo wengi wanaharibu, msipitie Print kutengeneza PDF, nendeni Save As, zile alama za vichwa zinabaki humo ndani. Muhuri? Kwa fomu tupu wa nini kwani. Na kama faili la Word limeshapotea bora muiandike upya kwenye Word, ukurasa wenyewe mmoja, OCR, yaani programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa herufi, kwa skani iliyopinda vile itakutoleeni maneno ya ajabu.