Jim Reeves alirekodije baada ya kufa?

Swali: Shikamoo mzee wangu. Marehemu babu yetu, Mungu amrehemu, ametuachia sanduku la santuri na kanda hapa Mkomani, Lamu. Nyingi ni za taarab, ila chini kabisa zimo za Jim Reeves, aliyempenda tangu ujana wake alipokuwa karani Mombasa. Babu alikuwa akitwambia kuwa mwimbaji huyo alikufa kwa ajali ya ndege, Kenya haijatimiza mwaka tangu Uhuru. Sasa nimeona jalada moja la mwaka 1981, na humo anaimba pamoja na mwanamke, Patsy Cline. Kaka yangu anasema huyo ni mwigaji tu. Je, babu alikosea, au aliuziwa santuri bandia? Na tuzitunzeje?
*Mjukuu, Mkomani, Lamu*

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Babu yenu hakukosea, wala hakuuziwa bandia. Jim Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964, akiwa na miaka 40. Ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe iliingia katika mvua ya radi ikaanguka karibu na Nashville, Marekani, na mpiga piano wake, Dean Manuel, akafa pamoja naye. Patsy Cline naye alikuwa ameshatangulia, Machi 1963, vilevile kwa ajali ya ndege. Kwa hiyo watu wawili mnaowasikia wakiitikiana katika santuri ya 1981 wote walikuwa marehemu siku nyingi, na wimbo ule hawakuuimba wakiwa pamoja hata siku moja.

Iliwezekanaje? Enzi zao studio za Nashville zilikuwa zikirekodi kwa utepe wenye njia tatu, na sauti ya mwimbaji iliweza kukaa katika njia yake peke yake, mbali na ala. Kila mmoja alikuwa ameurekodi wimbo ule, “Have You Ever Been Lonely”, kwa wakati wake. Mtayarishaji Owen Bradley alizitoa sauti hizo mbili katika tepe za zamani, akazikutanisha, kisha akawaita wapigaji kuziwekea muziki mpya. Sauti ni zao wenyewe kweli. Kaka yako akubali.

Hata hivyo, mimi niliyekaa miaka mingi katika duka la kanda hapa Malindi, nikiwanakilia watu nyimbo hizi, nakuomba utenge mafungu mawili: kazi aliyoifanya mwenyewe, na ile waliyomfanyia wengine baada yake. Mjane wake, Mary, aliendelea kutoa nyimbo kutoka katika akiba ya tepe, na nyingine ziliongezewa ala upya. “Distant Drums” ulikuwa jaribio tu alilomrekodia mtunzi wake, Cindy Walker. Ukaongezewa okestra, na mwaka 1966 ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki tano, mwenyewe yuko kaburini Texas. Wimbo huo naupenda, kwa sababu pale anaimba peke yake na moyo wake wote umo. Ule wa wawili umefanyiwa ufundi mkubwa, lakini siwezi kuuita kazi yake. Yeye hakuchagua kuimba na yule bibi, na hakumsikia ili amjibu.

Ukitaka kumjua hasa, anza na za 1953, kama “Mexican Joe”, alizozitoa katika lebo ndogo ya Abbott. Utashangaa: anaimba kwa sauti ya juu, mbio mbio, kama mtu anayeita watu mnadani. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa besiboli, akaumia mguu, akawa mtangazaji wa redio. Alihamia RCA, kampuni kubwa ya santuri, mwaka 1955. Mwaka 1957, katika “Four Walls”, akakisogelea kipaza sauti mpaka midomo karibu iguse, akashusha sauti. Wapo waliopinga studioni, lakini Chet Atkins, mtayarishaji wake, alimwachia. Hapo ndipo alipozaliwa Jim Reeves wa babu yako.

Kisha tafuta “He'll Have to Go”. Mwanamume yuko baa, anampigia simu mpenzi wake na anajua kuna mtu mwingine pembeni yake. Funga mlango usikilize anavyoshuka hadi sauti ya chini kabisa bila kukwaruza wala kulazimisha. Anamsemesha mtu mmoja tu, na ugomvi wote ule anaumaliza kwa upole. Kampuni iliuweka upande wa pili wa santuri, maana tegemeo lao lilikuwa wimbo mwingine. Watangazaji wa redio wakaigeuza, na mwaka 1960 ukatawala chati ya muziki wa country ya Marekani kwa wiki 14.

Kuhusu kuzitunza: msizipange katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Najua zinapendeza pale, lakini kuta zetu za matumbawe hushika unyevu na chumvi, na majalada yatafanya madoa. Zisimamisheni wima katika kabati la mbao lililoachana na ukuta, wala msizianike juani, zitapinda. Kanda zitazameni kwanza kwa dirisha lake: mkiona vumbi jeupe juu ya utepe, hiyo ni kuvu, msiitie mashineni, itachafua kichwa cha redio na kuambukiza nyingine. Iliyo safi izungusheni kwa kalamu mwanzo hadi mwisho kabla ya kuipiga, ili utepe ulionata uachane taratibu.

Swali: Mzee, hapa mtaani kwetu Barani tunabishana. Je, Jim Reeves aliwahi kukanyaga Afrika?
*Dereva, Malindi*

Jibu: Ndiyo, Afrika Kusini. Mwaka 1962 alizuru huko na Chet Atkins na mpiga piano Floyd Cramer, wakapokewa na umati mkubwa. Akarudi kuigiza katika filamu “Kimberley Jim”, iliyotoka 1963, na akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana. Ilikuwa enzi ya ubaguzi wa rangi, na hilo mlitaje mnapobishana, kwani Waafrika wengi wa nchi ile waliompenda redioni hawakuruhusiwa kuketi ukumbini popote walipotaka.