Mimi nami ni kifungua mimba, na hiyo laki tano usiitoe

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema wewe ni mzaliwa wa kwanza, una miaka 34, wadogo zako wameshaoa na kujenga, wewe bado. Mtumishi mmoja amekwambia nyota ya kifungua mimba wa ukoo wenu imefungwa, ulete laki tano ya sadaka ya ukombozi. Unauliza kama kweli lipo jambo la kiroho juu ya mzaliwa wa kwanza. Lipo. Ila si hilo uliloambiwa. Njia hiyo nimeipita, na aliyeumia hakuwa mimi.

Mimi ni wa kwanza kati ya sita. Baba alifariki nikiwa na miaka 23. Siku ya kuanua matanga baba mkubwa aliniita mbele ya ukoo, akanikabidhi funguo za nyumba na kopo la biskuti lililojaa risiti za ada, akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye baba yao." Nililipokea kopo lile kwa mikono miwili. Miaka saba nikasomesha, nikaamua kila jambo, nikafoka nilipopingwa. Kisha duka langu la vipuri vya pikipiki likafa, na mwaka uleule mdogo wangu anayenifuata akaanza kujenga. Nikaamini kuna mtu amechukua kilicho changu.

Nikaenda kwenye maombezi, nikaambiwa karibu maneno yaleyale uliyoambiwa wewe. Hela iliyokuwepo nyumbani ilikuwa 350,000, ada ya kitinda mimba wetu. Nikaipeleka yote. Asubuhi ya kufungua shule nikamkuta barazani amekaa juu ya tranka lake, sare imepigwa pasi, soksi nyeupe kazivuta hadi magotini. Alikuwa pale tangu saa kumi na mbili. Hakuniuliza kitu. Ilipofika saa nne akasimama, akalikokota tranka mwenyewe akalirudisha chumbani. Muhula ule hakusoma.

Mama ndiye aliyenipeleka kwa mchungaji mmoja mstaafu, jirani yetu. Mzee hakunikaripia. Alifungua Kutoka 13, akanisomesha: "Nitakasie mimi wazaliwa wa kwanza wote, kila afunguaye tumbo." Akaniuliza kama nalisikia humo neno letu la kifungua mimba. Akasema usiku ule wazaliwa wa kwanza wa Misri walipokufa, wale wa Israeli hawakupona kwa uhodari wala kwa nyota kung'aa. Walipona kwa sababu ya damu ya mwanakondoo iliyopakwa kwenye miimo ya milango. Ndiyo maana Mungu akasema hao ni wake.

Kisha akaenda Hesabu 3, sura ambayo nilikuwa nairuka kila mara kwa ajili ya zile hesabu zake. Mungu aliwatwaa Walawi, kabila la watumishi wa hema lake, badala ya wazaliwa wa kwanza. Mzee akageuza bahasha ya sadaka, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya risasi: wazaliwa wa kwanza wanaume 22,273, Walawi 22,000. "Wamezidi wangapi?" Nikasema 273. Hao kila mmoja alikombolewa kwa shekeli tano, jumla 1,365. Akanionyesha na Hesabu 18:16, kwamba mtoto alikombolewa tangu umri wa mwezi mmoja. "Mtoto wa mwezi mmoja ana hela gani?" akaniuliza. Nikanyamaza. Hapo akanisomea 1 Petro 1:18, kwamba tulikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, tutoke katika mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu. Mkuu, soma mstari ule na wa 19 taratibu. Unaambiwa una deni la mababa, na hapo imeandikwa limelipwa kwa damu ya Kristo. Ukilipa laki tano, unalipia nini?

Kuna wanaofundisha kwamba kifungua mimba ana upako kuliko wenzake. Mimi sikubali. Rubeni alikuwa wa kwanza kwa Yakobo, haki yake ikaenda kwa wana wa Yusufu. Daudi alikuwa mdogo wa wote kwa Yese, naye katika Zaburi 89:27 Mungu anasema atamfanya mzaliwa wa kwanza. Mzaliwa wa kwanza hasa ni Kristo, "mzaliwa wa kwanza miongoni mwa ndugu wengi" kama Paulo anavyowaandikia Warumi, na Waebrania 12:23 inalitaja kanisa la wazaliwa wa kwanza. Kanisa zima! Kumbe yule mtoto aliyekaa juu ya tranka naye mbele za Mungu ni mzaliwa wa kwanza, na mimi nilichukua haki yake nikaenda kutafutia nyota yangu. Esau aliiuza yake kwa chakula cha dengu. Mimi niliuza ya mwenzangu.

Wivu juu ya mdogo wangu ulichelewa kutoka. Alipoita ibada ya kuweka nyumba wakfu nilifika hadi barabarani nikashindwa kuingia, nasikia kwaya kwa mbali, kama yule kaka mkubwa wa Luka 15. Akatoka mwenyewe, funguo mkononi. "Kaka, bado hatujaingia. Tunakusubiri wewe utufungulie mlango." Nilifungua mlango ule nikilia, na sikuona aibu.

Ndugu yangu, kutooa kwako na biashara kugoma vinauma, sikatai. Viombee, tena watafute watu waombe pamoja nawe bila kukudai kitu. Hiyo laki tano kama unayo, iweke kwenye mtaji, au kama kuna mdogo wako anasoma, mlipie. Mimi ile 350,000 niliirudisha kidogokidogo kwa kubeba mizigo sokoni, na mdogo wangu akarudi shule muhula uliofuata. Sasa ni muuguzi.

Mtumishi huyo akikupigia tena, mwombe akusomee Hesabu 3 kuanzia mstari wa 40 mpaka mwisho. Mimi nipo hapa kila jioni baada ya saa mbili, tunaweza kuisoma pamoja.