Kabla hujabadilisha tundu la chaji la simu yako

Simu ya tundu la Taipu-C (USB-C) ikianza kusumbua kuchaji, wengi hukimbilia kubadilisha tundu, na mara nyingi tundu lenyewe halina ubaya. Taipu-C ilipotolewa mwaka 2014, ilibuniwa makusudi ili kinachochakaa kiwe waya. Springi za kubana ziko ndani ya kichwa cha waya. Kwenye simu kuna ulimi mwembamba tu, wenye pini 12 juu na 12 chini. Kwa hiyo kichwa kikicheza, jaribu kwanza waya mwingine ulio mzima. Huo ukibana vizuri, huna haja ya fundi.

Na huo nao ukichomoka ovyo, mulika ndani kwa tochi. Nyuzi za mfukoni hushindiliwa kila unapochomeka mpaka kichwa hakifiki mwisho. Zima simu, chonga kijiti cha meno kiwe bapa, kipitishe kati ya ulimi na ukuta wa chuma, kisha kokota uchafu uje nje. Sindano usiiguse kabisa. Pini hizo zimeachana nusu milimita, na ulimi ukivunjika hakuna dawa ila tundu jipya. Ukiona madoa ya kijani au meusi, ni kutu ya maji au jasho: pitisha brashi nyembamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke. Simu iliyolowa usiichaji hata kidogo, kwani umeme ukikutana na unyevu pini huliwa upesi.

Inachaji waya ukiwa upande mmoja tu, ukiugeuza inagoma? Pini za umeme zipo pande zote mbili, kwa hiyo mara nyingi si hizo. Inayokosa kugusa ni pini ya CC, inayotambulisha kwamba kitu kimechomekwa. Tunduni zipo mbili, lakini waya hutumia moja kwa wakati mmoja. Safisha upande unaogoma. Usipokubali hata kwa waya mwingine, sasa tundu ndilo bovu.

CC hiyohiyo ndiyo chanzo cha tochi au spika ndogo kukataa chaja ya Taipu-C na kukubali ile ya tundu pana la zamani. Mtengenezaji hakuweka rezista mbili (vipande vidogo vya kuzuia umeme) za kilo-ohm 5.1, moja kwa kila CC. Chaja ya Taipu-C bila kuziona haitoi umeme. Ya zamani hutoa volti 5 muda wote. Ubahili wa ajabu, maana rezista ni kitu cha bei ndogo mno. Tumia waya wenye kichwa pana upande wa chaja.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, uliza kama simu yako ina bodi ndogo ya chaji inayojitegemea. Ikiwa nayo, hubadilishwa nzima bila kuchomelea tundu. Kama tundu limeshikana na bodi kuu, tafuta mwenye blowa ya hewa moto: matundu mengi yana safu ya pini iliyojificha chini ya chuma, na ncha ya pasi ya kuchomelea haifiki huko.