Uliza Fundi: Mkuku wa mtumbwi unafaa kuwa randa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni seremala ninayeanza, niko Igombe. Nimepata kipande cha mkuku (ule mti mrefu wa chini) wa mtumbwi uliovunjwa hapa mwaloni, mvule mtupu, na bapa la springi ya lori la Fuso la kutengenezea kisu, kwa wauza vyuma chakavu. Nataka kujitengenezea randa ya mbao, maana ya chuma niliyonunua inanyofoa mninga vibaya. Je, vitu hivi vinafaa? Na kisu kilale kiasi gani?
Kijana wa Igombe, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkuku huo ni mali, usimpe mtu akapikie. Bapa la Fuso rudisha. Ni nene mno, utamaliza mawe ya grenda kabla hujaona makali. Omba la gari dogo, lenye unene wa milimita 6 au 7, au ukibahatika chukua kisu cha randa kuukuu ambayo mwili wake umeshavunjika. Hicho kitakuondolea nusu ya kazi.

Mbao iliyolala majini usiiamini kwa macho. Iweke kivulini, ncha zake uzipake rangi ili zisipasuke, na kila wiki uipime kwenye mizani ya duka. Uzito ukiacha kupungua, imekauka. Kisha ipitishie sumaku ya spika ya redio utafute misumari, na kila penye doa jeusi la kutu pakate utupe. Halafu kuna jambo la mvule wenyewe: mara nyingine ndani yake huota jiwe, jeupe na gumu, ambalo sumaku haitakuonyesha. Msumeno ukianza kulia, simama.

Kisu cha upana wa sentimita 5 kinataka gogo la urefu wa sentimita 28 na upana kama 7 na nusu. Usihangaike kulitoboa kwa patasi kama walivyofanya wazee. Lipasue mashavu mawili ya sentimita moja moja, kipande cha kati ukikate mshazari mara mbili kupata nafasi ya kisu, kisha uvigandishe vyote upya kwa gundi ya mbao. Huna klampu? Funga kwa tyubu ya baiskeli, uvute mpaka ikatae. Pale juu ya kisu pitisha ekseli chakavu ya pikipiki toka shavu hadi shavu; kabari itakaza hapo.

Mlalo wa kawaida wa kisu ni pembe ya nyuzi 45, na kwa msonobari unatosha kabisa. Lakini mninga wako nyuzi za mbao yake zimepishana, kwa hiyo simamisha kisu kidogo, nyuzi 50. Kama huna kipimo, chora mstari unaokwenda mbele sentimita 5 na kupanda 6. Itakuwa nzito kusukuma. Vumilia.

Bapa la springi limekuja na ugumu wa kubeba gari, si wa kushika makali. Linyooshe likiwa jekundu, lipoe taratibu, ulikate na kulichonga pembe ya nyuzi 25 hadi 30, ila ukingo uuache na unene kama wa shilingi. Sasa pasha sentimita 4 za mwisho kwenye mkaa wenye feni mpaka sumaku isishike, ongeza moto kidogo, zamisha kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa vuguvugu. Mafuta machafu ya injini moshi wake ni sumu, achana nayo. Baada ya hapo chuma ni kigumu lakini kinavunjika kirahisi, kwa hiyo kirudishe kwenye tanuri la mkate, nyuzi joto 200, saa nzima. Kitoke na rangi ya majani makavu. Unaponoa kwa grenda kichovye majini kila mara. Ukiona bluu kwenye ukingo, ugumu umekwenda.

Haya, tuje kwenye mdomo, yaani ule upenyo wa chini kisu kinapotokea, maana ndipo randa yako ya chuma inapokushinda (hiyo, au kisu ni butu, kinoe kwanza uone). Mdomo ukiwa mpana, kisu huinua nyuzi za mbao na kuzing'oa kabla ya kuzikata. Mdomo mwembamba unazikandamiza mbele ya makali. Kwa hiyo ugandishe ukiwa umefungwa kabisa. Kaza kisu na kabari, kisu kikiwa kimerudi ndani kidogo, usugue uso wa chini kwenye msasa uliotandazwa juu ya kioo hadi unyooke. Hapo ndipo uufungue kwa tupa, kidogo kidogo, usizidi nusu milimita. Ukizidisha utalazimika kupachika kiraka.

SWALI: Maranda ya mvule na mninga yanafaa kutandika banda la kuku?
Mfugaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Ya mvule hapana. Vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, cha kwako na cha kuku pia. Hata mninga una watu unaowapigisha chafya. Chukua ya msonobari, makavu, na uyachekeche vumbi kabla ya kuyatandaza. Ukiyafuata karakana, uliza kwanza asubuhi hiyo wameranda mbao gani, maana wengi huchanganya yote kwenye gunia moja.