Mnada wa mtandaoni: bei ipange mapema, dau weka mwishoni

Watu wengi hapa Kigoma wananiuliza nawezaje kupata spea za injini za boti eBay, ule mtandao wa Marekani wa kuuza na kunadi vitu, kwa bei ya kueleweka, maana kabureta ya Yamaha used ukiitafuta Kibirizi unazunguka weee mwisho fundi anakwambia agiza Dar. Jibu langu ni lile lile, acha kushindana mapema. Kaa kimya, vizia, weka dau, yaani bei unayotoa, mara moja tu zikibaki sekunde chache.

Mnada wa eBay muda wake ukiisha umeisha, hakuna dalali wa kuuliza nani anaongeza. Sasa ukiweka dau siku tatu kabla unamwonyesha mwenzako kwamba kitu kina mtu, yeye anapanda, na wewe unapanda, bei inapaa na mnada hata haujafika nusu. Ukivizia mwishoni anakuwa hana muda wa kukujibu.

Alafu kuna hili wengi hawalijui, dau unaloandika sio lazima ndo ulipe. Mfumo unakupandishia wenyewe kidogo kidogo mpaka kwenye kikomo chako, yaani hilo dau uliloandika, na kikomo chako wenzako hawakioni. Chukulia kabureta inaonyesha dola 41, anayeongoza kaficha kikomo cha 60. Wewe ukiweka 66.37 unashinda kwa dola 61 tu, kwa sababu kwenye bei hizo hatua ya kupanda ni dola moja. Kwaiyo usiogope kuandika bei yako ya kweli, ile ambayo ikizidi hapo hata senti huitaki tena. Na hizo senti za ajabu ajabu naziweka makusudi, watu wanapenda namba kamili kama 50 au 60, na mkilingana anayechukua ni aliyetangulia kuweka, yaani wewe mviziaji ndo unakosa.

Hiyo bei ya kweli ipige hesabu ukiwa umetulia, mchana, sio mnada ukiwa unaisha. Anza na jumla uliyo tayari kulipa mpaka mzigo ukufikie, toa usafiri wa kutoka Marekani, toa ushuru na VAT asilimia 18, toa nauli ya mzigo kutoka Dar mpaka huku, kinachobaki ndo dau lako. Mimi naiandika kwenye karatasi kabisa naiweka pembeni ya simu, kwa sababu ukiona neno la kwamba umepitwa, mkono unataka kuongeza wenyewe.

Sekunde ngapi sasa? Wenzetu wenye intaneti kali wanaweka zikibaki tatu. Kwa mtandao wetu huu naomba sana usijaribu, mimi nabonyeza zikibaki kama kumi. Naingia akaunti mapema, dau naliandika kabisa nafika mpaka pale pa kuthibitisha, nabaki na kitufe kimoja tu, na bando liwe la kutosha. Simu nyingine naiacha ikionyesha muda, nairifreshi kila mara.

Masaa nayo yanatuumiza. Mnada unaoisha Jumapili saa 12 jioni California, huku ni Jumatatu saa 10 alfajiri, na kwao kukiwa baridi inakuwa saa 11. Weka alamu, ukishindwa kuamka basi weka kikomo chako usiku kabla ya kulala, bado una nafasi. Ila na mimi naipenda hiyo alfajiri, wanunuzi wa Ulaya nao wengi bado wamelala.

Angalizo, mbinu hii haifanyi kazi kila mahali. Minada mingi ya Yahoo ya Japani dau likiingia dakika tano za mwisho muda unaongezeka, kwaiyo kuvizia hakukusaidii kitu. Amazon zamani nao walikuwa na minada ya kuongeza muda dakika kumi, na wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walipoilinganisha na eBay, utafiti wao ukatoka 2002, wakakuta watu wa eBay ndo wanarundikana mwishoni zaidi. Soma sheria ya mnada husika kwanza.

Ukikosa, usikate tamaa haraka. Aliyeshinda asipolipa, muuzaji anaweza kukuletea ofa ya pili kwa lile dau lako la juu kabisa. Hapo angalia kwanza kama meseji imeingia ndani ya akaunti yako ya eBay yenyewe, ikija kwa imeili tu yenye linki ya kulipia pembeni, achana nayo.