Usinunue kwa harufu ya kwenye karatasi

Kama umeyanusa manukato kwenye kikaratasi cha kujaribia tu, dada, subiri kwanza. Manukato ya maua yenye utamu wa vanila na karameli yanakuteka dakika za mwanzo, halafu yasmini na waridi zinafifia, utamu unabaki peke yake mpaka jioni. Huo utamu ndio unaoununua hasa. Pulizia mkononi asubuhi, usisugue, endelea na shughuli zako, kisha nusa tena baada ya masaa manne matano. Ukisikia kichwa kinagonga au unanukia sukari iliyoungua, hayakufai, hata chupa iwe nzuri vipi (na chupa ndizo zinazotuponza wengi!). Joto huyakoleza, kwa hiyo yajaribu siku ya jua kali.

Bei kubwa si dhamana. Etili maltoli, kemikali inayotoa ile harufu ya peremende, hutengenezwa maabara. Imo kwenye Angel, manukato ya Mugler ya mwaka 1992, na imo kwenye ya bei chee pia. Ukiwa bado unayatamani, chukua chupa ya mililita 30. Ya aina hii, kupuliza mara moja au mbili kunatosha.